Nawezaje kupunguza kahawa ya mgahawani? Hela inaishia pale na uzito unapanda

BintiUpanga:

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri kwa wenye uzoefu, maana nyumbani nikiongea hili naambiwa nina shida za watu wenye hela wakati hela yenyewe ndo inayoondoka. Nafanya kazi Masaki, chini ya jengo letu kuna mgahawa wa kahawa, ikifika saa nne asubuhi tunashuka mimi na wenzangu wawili, na mimi naagiza ile kahawa ya barafu iliyosagwa yenye karameli halafu juu wanamwagia krimu, bei 12,000. Siku zenye presha ya ripoti mchana narudi tena kuchukua kapuchino ya 7,000. Sasa piga hesabu ya ile ya asubuhi peke yake, siku 22 za kazi ni 264,000 kwa mwezi, na kodi ya nyumba nalipa 350,000.

Halafu kuna uzito. Magauni niliyoshona mwaka jana kwa sendoff ya mdogo wangu zipu hazipandi, na chakula changu kiukweli hakijabadilika, asubuhi sili kitu, mchana wali maharage au samaki, usiku kidogo. Kilichoongezeka ni hiyo kahawa tu.

Nikiacha ghafla kichwa kinauma mpaka nashindwa kuangalia kompyuta, na kahawa ya kopo ya ofisini ladha yake siiwezi kabisa. Af kinachonisumbua zaidi ni wale wenzangu. Pale mezani ndo tunaongea mambo ya kazini yasiyosemeka juu, nikianza kubaki ofisini nitaonekana najitenga.

Kwa hiyo niache mara moja au taratibu? Na ni kweli kahawa chungu ya vijiweni hainenepeshi? Nina nia kabisa, naombeni majibu ya maana.

MtuWaKibubu:

Dada pole, na hongera kwa kukaa chini ukapiga hesabu, wengi hawataki hata kuiona hiyo namba. Mimi nakuongezea ya mwaka: 264,000 mara 12 ni 3,168,000, bado hatujagusa zile kapuchino za mchana.

Kinachotumaliza siku hizi ni lipa namba. Zamani ukitoa noti ya elfu kumi mkono unausikia, sasa unabonyeza namba ya siri na hela imeshakwenda, salio unakuja kuliona tarehe 20 na huelewi limeishia wapi. Ninachokushauri usianze kwa kujikataza, anza kwa kuihamisha hela kabla hujakutana nayo. Siku mshahara unaingia, ile saa ile, laki moja na nusu inaenda UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au popote ambapo kuitoa ni lazima ujaze maombi na usubiri. Af ya kahawa itoe keshi, 24,000 kila Jumatatu, weka kwenye bahasha, hiyo ni vinywaji viwili kwa wiki vya hicho unachokipenda, ukishuka nenda na bahasha, simu iache mezani. Ikiisha Jumanne basi imeisha.

Usiseme umeacha. Sema unakunywa mara mbili kwa wiki. Mwili na roho vinalikubali hilo, la kuacha kabisa linakuja lenyewe baadaye au lisije, vyote sawa.

LisheDodoma:

Mimi ni mtu wa lishe kwa taaluma, naomba nijibu upande wa uzito na kichwa maana hapo ndipo watu wengi wanachanganya vitu viwili tofauti. Una tabia mbili ndani ya glasi moja dada yangu, kafeini na sukari, na kila moja inaondolewa kwa njia yake.

Kahawa yenyewe haina shida na uzito. Kikombe cha kahawa nyeusi isiyo na sukari kina kalori kama 2 tu. Kinywaji unachokunywa wewe ni maziwa, sirapu, sukari na krimu, kahawa imo kidogo. Siwezi kujua huo mgahawa wenu unapimaje, ila vinywaji vya aina hiyo vya ujazo kama wa nusu lita huwa vinabeba kalori kati ya 350 na 450, na sukari gramu 50 na zaidi. Gramu 50 ni vijiko vya chai 12 na nusu, kaa chini uvipime kwenye bakuli uvione. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilitoa mwongozo kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, kwa mtu mzima wa kawaida hiyo asilimia 5 ni kama gramu 25. Kwa hiyo saa nne asubuhi unakuwa umeshamaliza ya siku mbili na siku bado mbichi. Na kalori za kunywa hazishibishi kama za kutafuna, ndo maana mchana wali unaula ule ule bila kupunguza, halafu unaapa kabisa kwamba huli sana. Nakuamini, huli sana. Unakunywa.

Sasa kichwa. Ubongo una kemikali inaitwa adenosini ambayo ikijikusanya tunasikia uchovu, kafeini inakaa kwenye nafasi yake na kuizuia. Ukinywa kila siku ubongo unaongeza hizo nafasi, ukikata ghafla adenosini inaingia yote kwa pamoja, mishipa ya damu kichwani inatanuka na kichwa kinagonga. Kawaida kinaanza saa 12 mpaka 24 baada ya kikombe cha mwisho, siku ya kwanza na ya pili ndo kali, na kwa wengine kinafika hata siku tisa. Sio ugonjwa wala sio roho dhaifu. Na hapa niseme jambo, ukimeza Panadol Extra ukaona imekusaidia haraka usishangae, kila kidonge kina kafeini miligramu 65, umeirudisha kwa mlango mwingine.

Kwa hiyo taratibu. Sukari unaweza kuikata hata kesho, kafeini ishushe kidogo kidogo kwa wiki mbili tatu. Kwanza ondoa ile ya mchana, maana kafeini inachukua kama saa tano mwili kuipunguza nusu, ya saa tisa alasiri bado iko na wewe saa mbili usiku, unalala vibaya, kesho unaihitaji zaidi. Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidi miligramu 400 kwa siku, na mjamzito 200.

Na tafadhali anza kula asubuhi. Hata kiazi kitamu na yai, hata ndizi na karanga. Ile saa nne mwili wako unaita chakula, kahawa ya sukari ndo inayoitikia.

Kaka_Kigogo:

Mi naona mnamtisha bure, kama ana uwezo anywe, maisha ndo haya haya. Kuna wanaomaliza zaidi ya hiyo kwenye bia kila wikiendi na hawaulizwi.

MtuWaKibubu:

Mkuu amesema mwenyewe hela inaondoka na gauni halifungi, na ameomba njia. Anayekunywa bia akija kuuliza naye tutamjibu.

MbongoHouston:

Salamu kutoka Texas. Dada hii kitu naijua vizuri maana huku ndo kwao. Tangu Mei 2018 sheria ya Marekani inazitaka kampuni za chakula zenye matawi 20 na kuendelea kuandika kalori ubaoni pembeni ya bei, na hiyo imenisaidia kuliko mahubiri yoyote. Starbucks, ile frapuchino ya karameli ya saizi ya kati, mililita 473, ubaoni ni kalori 380 hivi, wakati late ya kawaida (kahawa ya maziwa) ya saizi ile ile isiyo na sirapu ni kama 190, na kahawa nyeusi haifiki hata 10. Duka ni moja, foleni ni moja, tofauti ni neno unalolisema ukifika kaunta.

Kwa hiyo ujanja wa huku ni kubadili oda kabla ya kubadili mahali. Sirapu inamiminwa kwa pampu, pampu moja ni kama gramu 5 za sukari na kalori 20, late yenye ladha ya saizi hiyo wanaweka pampu nne bila kukuuliza. Ukisema mbili wanaweka mbili, ukisema moja wanaweka moja. Krimu ya juu ukisema hapana hawakasiriki. Wiki hii punguza krimu, wiki ijayo sirapu nusu, ikifuata chukua saizi ndogo, ulimi unazoea kabisa, baada ya muda ile ya zamani ukiionja inakuwa tamu mpaka inakera. Najua Dar wengi hawaandiki kalori ila pampu ni zile zile, muulize kijana anayekutengenezea, atakwambia.

Wanjiru_UpperHill:

Sasa BintiUpanga, mimi niko Nairobi na nimesoma yote hadi hapa, lakini naona hamjagusa ile swali ya wenzake na kwangu hiyo ndo kubwa. Hapa tuna chai ya saa nne, ofisi nyingi unapata chai na mandazi, na hata mtu asiyependa chai anaenda kwa sababu hapo ndo stori ziko. Wewe pia hiyo saa nne yako si ya kahawa peke yake, unatoka kwa dawati, unashuka ngazi, unakaa na watu hawakuulizi ripoti. Ukikata kahawa na hiyo pia ikatwe, utarudi tu, si suala la nidhamu.

So usibaki juu. Shuka na wao, keti pale pale, agiza chai nyeusi ama maji ama espreso moja, hizo ndo huwa bei ya chini kwa menyu. Na ongea nao wazi, waambie hii mwezi unaweka pesa, unaweza shangaa mmoja wao alikuwa anangoja mtu aseme kwanza. Sisi tulikubaliana siku tatu za wiki tunatembea badala ya kuketi, dakika ishirini hivi kuzunguka mtaa, na stori zinatoka vizuri hata kuliko kwa meza kwa sababu hakuna anayesikiliza nyuma yako.

MhayaAsilia:

Nimechelewa lakini hili la kahawa siwezi kulipita, mimi wa Bukoba nimekua naona kahawa inatafunwa kabla sijaona inanywewa, kwetu punje inachemshwa na majani ya kunukia inakaushwa inaitwa akamwani na mgeni akifika anapewa atafune. Kwa hiyo naumia nikiona mtu yuko Tanzania, nchi inayolima arabika Kilimanjaro na Mbozi na Mbinga, robusta Kagera, anatoa 12,000 kununua maziwa ya karameli.

Kuhusu kahawa chungu ya kijiweni, ndio, yenyewe hainenepeshi, kikombe kidogo, tangawizi, sukari hakuna, na bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na hiyo yako. Ila angalia kashata. Mtu anakunywa vikombe vitatu vichungu na kashata nne pembeni anasema leo sijala sukari. Chukua moja au acha.

Ya nyumbani fanya hivi. Nunua arabika iliyokaangwa, robo kilo tu, usinunue nyingi maana ikisagwa inapoteza harufu upesi. Tafuta lile jagi la kioo lenye chujio la kubonyeza, weka gramu 15 za kahawa, ni kama vijiko vya chakula vitatu vya kusawazisha, maji mililita 250 yaliyochemka ukayaacha nusu dakika, subiri dakika nne, bonyeza taratibu. Ukipenda tupia iliki mbili zilizopondwa au kipande cha mdalasini, hivyo vinaleta harufu inayofanya ulimi udhani kuna utamu. Maziwa kidogo ya moto, mimina kwenye chupa ya chai, nenda nayo kazini. Na kama ulichokipenda ni ubaridi basi iache ipoe, ilaze kwenye friji, asubuhi weka barafu, Dar kwa joto lile inaingia vizuri sana.

Tahadhari moja, ukichukua robusta ya kwetu punguza kipimo, kafeini yake ni karibu mara mbili ya arabika, usije ukasema nimepunguza vikombe kumbe umeongeza dozi.

LisheDodoma:

Mhaya umeeleza vizuri, naongeza mawili. Kahawa ya kuchemsha au ya kubonyeza isiyopita kwenye karatasi ya kuchujia inabaki na mafuta yanayoitwa kafestoli ambayo yanaweza kupandisha lehemu (kolesteroli) kwenye damu, kwa hiyo mwenye lehemu ya juu atumie ya kuchuja kwa karatasi. La pili hasa kwa kina dada, kahawa ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini ya chuma yasifyonzwe vizuri, iache kama saa moja kutoka kwenye mlo.

BintiUpanga:

Asanteni sana wote, nimesoma mara mbili na nimeandika kwenye daftari. Wanjiru umenigusa kabisa, sikuwahi kuitenganisha kahawa na wale watu. Nimeshawatumia ujumbe kwenye grupu letu na mmoja amejibu hapo hapo kwamba na yeye amechoka kulipa.

Nimeamua hivi: ya mchana natoa kuanzia kesho. Asubuhi nitakula kwanza. Jumatatu na Ijumaa naenda na bahasha, oda ni ndogo, sirapu nusu na krimu hapana. Siku nyingine nabeba ya kwangu kwenye chupa, tutatembea kuelekea upande wa baharini kama jua sio kali. Na laki moja na nusu mshahara ukiingia inahama.

Swali la mwisho kwa MhayaAsilia, hiyo arabika nikiinunua dukani niombe isagwe vipi, maana nyumbani sina mashine?

MhayaAsilia:

Waambie ni ya jagi la kubonyeza, isagwe ya chengachenga kama chumvi ya mawe, sio laini ile ya kuchemsha kwenye dele, laini inapita kwenye chujio unabaki unatafuna machicha. Wakisaga funga mfuko vizuri, toa hewa, weka kabatini pakavu mbali na jiko, na usiweke kwenye friji, inavuta harufu ya samaki.