Kurekodi TV ya HD na sauti ya 5.1 kwenye kompyuta: kadi ya TV, kapcha ya HDMI au king'amuzi chenyewe?

mtu_wa_mwanga (Kigoma)
Habari zenu wakuu, nina kompyuta ya mezani na hom thieta ya 5.1 (spika tano na sabufa), nataka niwe narekodi mpira na filamu za usiku nizicheki wikiendi, picha HD na sauti itoke mpaka spika za nyuma. Kati ya hizo tatu nichukue ipi?

fundi_ujiji
Mkuu chukua kadi ya TV ya DVB-S2 (ya kupokea satelaiti), kama dishi unalo tayari. Ile haigusi kitu, inamwaga matangazo kwenye diski vilevile yalivyorushwa, kwa hiyo chaneli ikirusha Dolby 5.1 unaipata yote na prosesa wala haihemi. Ila diski andaa, chaneli ya megabiti 8 kwa sekunde inakula kama GB 3.6 kwa saa, na uifomati kwa mfumo wa NTFS maana ule wa FAT32 haupokei faili la zaidi ya GB 4, mechi ikienda dakika 120 umekwama.

mama_kanyenye (Tabora)
Sawa kaka ila mwambie ukweli, hapo ni chaneli za bure tu, za kulipia zimefungwa. Na kurekodia flashi kwenye king'amuzi pia angalia, vingi vinaifunga rekodi, ukipeleka kwenye kompyuta haifunguki.

mtu_wa_mwanga
Na vile vidude vya kapcha ya HDMI (vya kunasa picha ya king'amuzi) vya kuchomeka USB, vya bei chee?

isevya_teki (Tabora)
Kwa 5.1 achana navyo kabisa, vingi vinapokea stereo tu, na king'amuzi kikiwasha HDCP (kinga ya kuzuia kunakili) unarekodi skrini nyeusi. Kapcha nzuri zinazopokea 5.1 zipo ila bei imechangamka, na kwenye OBS (programu ya kurekodia) lazima ubadilishe mwenyewe kuwa 5.1 maana inakuja na stereo.

fundi_ujiji
Halafu na umeme wetu huu, faili la TS la kadi likikatwa katikati bado linacheza mpaka pale lilipofika, MP4 ndo basi tena. Mtu wa OBS aweke faili la MKV, nalo likikatwa linacheza.

mtu_wa_mwanga
Mi naangalia zaidi za bure, basi kadi. Nitajuaje chaneli inarusha 5.1 kweli?

fundi_ujiji
Rekodi dakika moja, fungua na VLC, angalia taarifa za kodeki. Ukiona A52 (ndo hiyo Dolby) na 3F2R/LFE ndo yenyewe, mbele 3, nyuma 2 na sabufa. Ikiandika Stereo hiyo chaneli haina, usimlaumu aliyekuuzia kadi.