Maandishi yenye mapambo kwenda HTML: toHtml, maktaba, au nijiandikie?

KodiUsiku: Wakuu, nina kisanduku cha kuandikia ndani ya programu: mtumiaji anakoza, analaza herufi, anapaka rangi. Nataka yakifika kwenye seva yawe HTML, lugha ya kurasa za wavuti. Nitumie toHtml (kigeuzi kilichomo tayari kwenye mfumo), maktaba ya kodi ya watu wengine, au niandike kigeuzi changu? Naanza wiki hii.

BiMdudu: Android au iPhone? Na HTML hiyo ataisoma nani, tovuti au programu yenyewe? Swali limekaa nusu.

MpakaRangi: Mkuu usihangaike, toHtml inatosha. Mkolezo unatoka `<b>`, mlazo `<i>`, rangi inakuja na `span` yake. Mstari mmoja wa kodi, kazi kwisha.

BiMdudu: Kwisha mpaka ufungue tena ulichohifadhi. Nilirithi programu ya noti. Aliyeiunda alihifadhi kwa chaguo la TO_HTML_PARAGRAPH_LINES_INDIVIDUAL, akasoma kwa chaguo la FROM_HTML_MODE_LEGACY. La kwanza linaupa kila mstari `<p>` (tagi ya aya) yake, la pili linaacha mstari mtupu baada ya kila `<p>`. Mtumiaji akifungua noti na kuihifadhi bila kugusa herufi, nafasi inaongezeka. Akirudia, inaongezeka tena. Tukaletewa picha za noti zenye aya mbili tu, na ya pili mpaka usogeze skrini ndiyo uione. Tena herufi yoyote nje ya ASCII (herufi na alama za msingi za Kiingereza) inageuzwa namba: ritifaa iliyopinda ikawa `&#8217;`, utafutaji kwenye hifadhidata ukawa hauoni kitu. Na spani (pambo la herufi) uliyojitungia mwenyewe? Inadondoshwa kimyakimya.

KodiUsiku: Android kwa sasa. iPhone baadaye.

Tarakimu: Basi ndiyo kuna shughuli. NSAttributedString, ya upande wa iPhone, inakutolea waraka mzima, DOCTYPE, `head`, na madarasa ya mitindo ya `p1`, `s1`. Ukikata `body` peke yake, fonti na ukubwa vimebaki kwenye `head`. Hifadhi Delta, muundo wa JSON wa kihariri cha Quill, HTML itengenezwe kwenye seva.

MpakaRangi: JSON yote hiyo kwa ajili ya mkolezo? Si bora Markdown, ile ya kukoza kwa nyota.

Tarakimu: Markdown haina rangi, wala mstari wa chini. Soma swali.

MpakaRangi: Rangi zenyewe za nini? Mtu anachagua nyeusi, mwenzake anasoma kwenye hali ya giza, haoni kitu.

SevaKavu: Mnabishania rangi, usalama hakuna aliyeutaja. Vyovyote iwavyo, seva isafishe tagi kabla ya kuonyesha. Mtu anaweza kutuma ombi bila hata kupitia programu yako, akakuwekea `onerror`, kodi inayojiendesha picha ikishindwa kufunguka, ndani ya `<img>`.

KodiUsiku: Asanteni. Sasa mtumiaji akibandika kutoka Word inakuwaje?

SevaKavu: Hilo lifungulie mada yake, ndugu.