Mjadala: Bastola ya mtandaoni Marekani, ni nafuu kweli? Na je, tovuti zifungwe?

Mwenye mada

Hoja yangu ni hii: mtu anayenunua bastola yake ya kwanza Marekani aende duka la mtaani, aachane na kuagiza mtandaoni. Sisemi hivyo kwa kuwa tovuti ni balaa la taifa. Hilo limevumishwa kupita kiasi. Ninachoangalia ni pesa, mkono na makaratasi.

Wengi wanadhani ukishalipa, bastola inaletwa mlangoni kama viatu. Zamani ilikuwa hivyo. Bunduki iliyomuua Rais Kennedy mwaka 1963 iliagizwa kwa posta kwa jina bandia, ikagharimu dola 21.45 pamoja na usafirishaji. Sheria ya Kudhibiti Silaha ya 1968 ikaifunga njia hiyo. Leo tovuti inapokea pesa yako, lakini bastola inatumwa kwa wakala mwenye leseni ya serikali kuu, yule anayeitwa FFL, aliye ndani ya jimbo unaloishi. Unakwenda kwake na kitambulisho, unajaza Fomu 4473, fomu ya serikali kuu ya kununua silaha, naye anauliza NICS, mfumo wa uchunguzi wa rekodi ulioanza Novemba 1998 chini ya FBI. Jibu huwa moja kati ya matatu: endelea, subiri, au umekataliwa. Baadhi ya majimbo hufanya uchunguzi huo yenyewe, lakini kaunta haikwepeki.

Kwa hiyo tusibishane kana kwamba kuna njia yenye uchunguzi na njia isiyo nao. Wote mnaishia kaunta.

Mhasibu

Kwenye pesa nakuunga mkono, hebu niweke hesabu. Tuchukue mfano wa Glock 19: tovuti inasema 499, duka linasema 549. Watu huishia hapo na kushangilia hamsini. Endelea kuhesabu. Usafirishaji 15. Ada ya wakala wa kupokea 40. Kodi ya mauzo, tuseme 7%, ni 34.93. Jumla dola 588.93. Dukani: 549 na kodi 38.43, jumla 587.43. Umesubiri mzigo wiki nzima ili ulipe dola moja na nusu zaidi.

Kilichowabeba wanunuzi wa mtandaoni zamani ni kodi. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Wayfair, na tangu hapo jimbo linaweza kuidai tovuti ya nje ikusanye kodi ya mauzo. Faida ile ikayeyuka.

Ada ya kupokea ndiyo inayopanda na kushuka. Wakala mdogo anayefanyia kazi nyumbani anaweza kutoza 20, na duka kubwa 75 au zaidi, tena kwa makusudi, maana halitaki kuwa ghala la mshindani wake. Kabla ya kulipa popote, piga simu uulize mambo matatu. Ada ni kiasi gani, na je inatozwa kwa kila bastola au kwa mzigo mzima? Mnapokea mzigo kutoka kwa mtu binafsi, au kwa wenye leseni tu? Ukilipa kwa kadi, mnaongeza asilimia ngapi?

Kaka wa Texas

Mhasibu, hesabu hiyo umeipika ikaiva upande wako. Hiyo 549 ni bei ya mji wenye maduka matano yanayogombania wateja. Nenda mji mdogo wenye duka moja uone bastola hiyohiyo ikisomeka 629, na chaguo ni hizo sita zilizomo kwenye kabati la kioo.

Halafu kuna aina ya silaha ambayo mtandao haushindwi kabisa: bastola zilizorudishwa na vikosi vya polisi baada ya kubadilisha modeli. Slaidi, yaani sehemu ya juu inayorudi nyuma, imechubuka kwa kuingia na kutoka kwenye ala miaka nenda rudi, lakini kwa kawaida mtutu wake umefyatua risasi chache, kwa sababu askari wengi hufyatua siku za mtihani tu. Bei huwa chini sana ya mpya. Onyo moja: nyingi zina vilengeo vya usiku vinavyong'aa kwa tritiamu, na nguvu yake hupungua nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Bastola ya 2010 vilengeo vyake vimefifia, kwa hiyo weka gharama ya kuvibadilisha kwenye hesabu.

Fundi

Mnahesabu dola, hamhesabu mkono. Bastola isiyokaa mkononi ni hasara hata ukipewa bure.

Dukani mwombe muuzaji aiondoe magazini, avute slaidi nyuma na kukuonyesha chemba tupu. Nawe hakikisha mwenyewe, kisha ielekeze upande salama muda wote. Shika kishikio, uone kama ncha ya kidole inafika kwenye kifyatulio bila kuuzungusha mkono. Jaribu kubonyeza kitufe cha magazini bila kubadilisha mshiko. Vuta slaidi mara kadhaa. Hapo ndipo wengi hukwama: bastola ndogo za kubeba mfukoni huwa na springi ngumu kuliko kubwa, kinyume cha watu wanavyotarajia, kwa sababu slaidi nyepesi inahitaji springi kali ili irudi mahali pake. Mwenye vidole dhaifu au baridi yabisi ataiona nzuri kwenye picha, kisha ashindwe kuivuta. Ziko modeli zilizotengenezwa kwa ajili ya watu hao, kama Smith & Wesson Shield EZ, lakini utajuaje bila kuzishika zote mbili? Na ukitaka kufyatua kavu, yaani bila risasi, omba ruhusa kwanza.

Duka lenye uwanja wa shabaha ni bora zaidi. Kodisha, fyatua risasi 50, ndipo uamue.

Jambo la pili ni kutia saini. Bastola ikifika kwa wakala kutoka mtandaoni, ifungue na uikague KABLA ya kusaini 4473. Namba iliyochongwa ifanane na ya kwenye risiti, mtutu uwe safi kwa tochi, idadi ya magazini itimie, kishikio kisiwe na ufa. Ukiona kasoro, kataa. Mzigo urudi kama ulivyokuja. Ukishaipokea, kwa tovuti nyingi hiyo ni bastola iliyotumika na hairudi. Hapo unabaki na dhamana ya kiwanda, ambacho angalau kinaruhusiwa kisheria kuirudisha ikiwa imetengenezwa moja kwa moja nyumbani kwako.

Kwa anayewinda bastola ya SIG P320 iliyotumika: mwaka 2017 kampuni ilianzisha mpango wa hiari wa kuboresha kifyatulio baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaweza kufyatuka ikianguka. Muulize muuzaji kama ilipitia maboresho hayo. Hiyo si bastola ya kununua kwa picha tatu.

Dada wa Minnesota

Ndugu zangu, mmeruka kundi linalosoma hapa zaidi: wahamiaji. Mwenye grini kadi anaweza kununua. Mwenye viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, kwa kawaida amekatazwa, isipokuwa aangukie kwenye misamaha michache, mojawapo ikiwa leseni halali ya uwindaji. Tovuti haikuulizi lolote kati ya hayo, inachukua pesa. Ni wakala atakayekuuliza namba yako ya uhamiaji, na ukikwama kwake bastola inarudi, nawe unakatwa ada ya kurudisha mzigo, ambayo si ajabu ikafika 15% au 20%. Dukani ungejua kabla hujatoa senti.

Anwani nayo ni tatizo. Kitambulisho kiwe na makazi ya sasa; sanduku la posta halikubaliki. Umehama nyumba na leseni ya udereva bado ya zamani? Beba hati nyingine ya serikali yenye anwani mpya, kwa mfano usajili wa gari. Huku kwetu unahitaji pia kibali cha kununua kutoka polisi wa eneo lako au kibali cha kubeba. Kibali cha kununua ni bure, na kinadumu mwaka mmoja. Kiombe kwanza, agiza baadaye.

Na majina! Mtu akiitwa Mohamed Ali au Juma Hassan, mfumo unaweza kumkawiza kila mara kwa sababu ya wenye majina kama yake. FBI wana faili la hiari: unaomba, unatuma alama za vidole, ukikubaliwa unapewa namba ya kipekee ya kuandika kwenye 4473. Ni wachache sana wanaolijua.

La mwisho ni la mjomba. "Wewe una akaunti na punguzo, niagizie, nitakurudishia." Usithubutu. Afisa wa zamani wa polisi aitwaye Abramski alimnunulia mjomba wake Glock 19 kwa punguzo la polisi, huku mjomba akiwa amempa hundi ya dola 400. Mjomba mwenyewe alikuwa na haki ya kumiliki silaha. Mahakama ya Juu mwaka 2014 ikashikilia hatia yake, kwa kuwa alijiandika kwenye fomu kuwa ndiye mnunuzi halisi. Zawadi ya kweli, iliyotoka mfukoni mwako, inaruhusiwa. Pesa ya mtu mwingine, hapana; na tangu 2022 kuna sheria mahususi ambayo kifungo chake hufika miaka 15.

Mpinzani

Mnazungumza kana kwamba mtandao wote ni tovuti za wenye leseni. Na matangazo ya watu binafsi? Mwaka 2012 huko Brookfield, Wisconsin, mwanamume aliyezuiwa na amri ya mahakama asimiliki silaha aliona tangazo la bastola kwenye Armslist, tovuti ya matangazo ya silaha, akakutana na muuzaji binafsi, akanunua bila uchunguzi wowote. Aliua wanawake watatu, mkewe akiwa mmoja wao. Familia iliposhtaki tovuti, Mahakama ya Juu ya Wisconsin mwaka 2019 ikasema sheria ya mtandao inaikinga. Sasa niambieni: kaunta iko wapi hapo?

Na vifurushi vya kujiundia bastola isiyo na namba vilikuwa vikisafirishwa hadi majumbani mpaka kanuni ya 2022, ambayo Mahakama ya Juu iliithibitisha Machi 2025. Miaka yote hiyo watetezi waliimba "hakuna silaha inayokuja mlangoni".

Mwenye mada

Hoja yako nzito, lakini itenganishe. Sheria ya serikali kuu haimlazimishi muuzaji binafsi kufanya uchunguzi anapomuuzia mtu wa jimbo lake. Hilo lingekuwa vilevile kwa tangazo la gazetini au karatasi kwenye ubao wa kanisa. Majimbo kama Colorado, Washington na New York yamelazimisha mauziano ya watu binafsi yapite kwa wakala, na hapo tangazo la mtandaoni linaishia kaunta kama kawaida. Ukifunga tovuti bila kugusa sheria hiyo, watu watahamia kwenye makundi ya simu.

Ofisi ya ukaguzi ya Bunge, GAO, ilieleza mwishoni mwa 2017 jinsi maafisa wake walivyojaribu kununua silaha kwenye tovuti za kawaida, baadhi yao wakijitambulisha kuwa ni watu waliokatazwa. Majaribio 72, wakaambulia sifuri. Kwenye mtandao wa giza walijaribu mara 7, wakapata mara 2.

Mpinzani

Ubao wa kanisa haukupi kitufe cha kuchuja. Kwenye kesi ile walalamikaji walidai kwamba tovuti ilimwezesha mtu kutafuta wauzaji binafsi peke yao. Huo si ubao tena. Huo ni ramani ya mwanya. Na hao maafisa wa GAO waliojitambulisha, mnunuzi mwenye nia mbaya atajitambulisha kwa sababu gani?

Fundi

Kwa hao hao wanaotafuta mwanya niongeze: tovuti inayoahidi kuleta bastola mpaka nyumbani bila wakala ni moja kati ya mawili, mtego au wizi. Mara nyingi ni wizi. Dalili zake: bei imeshuka theluthi nzima chini ya soko, kila modeli iliyoadimika "ipo", na malipo ni Zelle, Cash App au sarafu za kidijitali, kwa sababu pesa hizo hazirudi. Ukipewa namba ya leseni, iweke kwenye ukurasa wa ATF, shirika la serikali kuu linalosimamia silaha, uitwao FFL eZ Check: tarakimu tatu za mwanzo na tano za mwisho. Hata ikitokea kuwa halali, linganisha jina na anwani, kisha tafuta simu ya duka hilo kwingine uwapigie. Wezi hunakili leseni za maduka ya kweli.

Kaka wa Texas

Mpinzani, nawe jibu hili. Charleston, 2015, watu tisa waliuawa kanisani. Muuaji alinunua bastola dukani, kaunta, akajaza fomu. NICS ilijibu "subiri", siku tatu za kazi zikapita bila jibu la mwisho, na sheria inamruhusu muuzaji akabidhi. FBI wenyewe walikiri baadaye kwamba alipaswa kukataliwa. Mtandao haukuwamo hata kidogo. Mnataka tufunge tovuti, mwanya mkubwa uko dukani.

Mpinzani

Sikatai. Mianya yote miwili izibwe. Ila usiutumie mmoja kuuficha mwingine.

Dada wa Minnesota

Hizo siku tatu zina upande wa vitendo ambao mnunuzi aujue. Sheria inaruhusu kukabidhi, hailazimishi. Duka moja litakukabidhi siku ya nne, jingine litasubiri jibu hata mwezi. Na jibu la NICS hudumu siku 30 tu. Zikipita kabla hujachukua bastola, uchunguzi unaanza upya, na wakala mwingine anakudai ada ya kuhifadhi kwa kila siku inayozidi. Chini ya miaka 21 sheria ya 2022 inaweza kurefusha kusubiri hadi siku 10 za kazi, ingawa kwa wauzaji wenye leseni bastola ina kikomo cha miaka 21 na hao huwa wanachukua bunduki ndefu. Unapompigia wakala kuuliza ada, kama alivyosema Mhasibu, ongeza swali la nne: nikikawizwa, mnafanyaje?