Ampu moja ya valvu, spika tatu: nilichosikia hapa Mbeya

Santuri_Forest
Wakuu, poleni na baridi. Wiki tatu sasa nabadilisha spika kwenye ampu yangu ya valvu (zile taa za kioo badala ya transista), nikaona nililete hili hapa kabla sijatoa hela nyingine.

Ampu ina valvu nne aina ya EL84, mbili kila upande, kama wati 12 kwa kila spika. Chumba ni mita 4 kwa 5, sakafu ya saruji yenye zulia. Santuri ni zilezile: dansi la zamani na kwaya.

Za kwanza ni ndogo za kuweka juu ya stendi, boksi limezibwa, desibeli 83 kwa wati 1. Mwimbaji anakaa katikati kabisa, unamsikia akivuta pumzi kabla ya kiitikio. Sijawahi kusikia kwaya ikisimama mbele yangu namna ile. Lakini nikipita nusu ya sauti, tarumbeta zikiingia tu, inapasuka.

Za pili ndefu za kusimama sakafuni, zina tundu la hewa nyuma, ukinzani omu 4, desibeli 87. Besi inavimba. Gitaa la besi linapiga noti moja kama ngoma ya pipa, linamfunika mwimbaji.

Za tatu alizichonga fundi wa Mafinga: boksi kubwa la plaiwudi, ndani spika moja ya inchi 8, hakuna twita (kile kispika cha sauti za juu), desibeli 95. Hapa gitaa la solo na la rithimu yanaachana, kila moja na njia yake, na ngoma zinagonga kifuani hata sauti ikiwa chini. Kinachokosekana ni besi ya chini kabisa, na matoazi yamefifia.

Je, nibadili valvu?

Fundi_Uyole
Usiguse valvu kwanza, mkuu. Kila ukitaka desibeli 3 zaidi, wati zinazidishwa mara mbili. Kutoka 83 hadi 95 ni desibeli 12, yaani mara 16. Sauti ambayo boksi la Mafinga linaitoa kwa wati 1, zile ndogo zinadai wati 16, nawe unazo 12. Ampu haiumwi, imefika mwisho wa nguvu zake.

Hizo ndefu umezichomeka kwenye tundu la omu ngapi nyuma ya ampu?

Binti_Gangilonga
Naomba nizitetee ndogo. Mimi Iringa nasikiliza usiku, nimekaa mita moja na nusu kutoka kwenye spika, watoto wamelala. Wati zangu 10 hazijawahi kuniishia. BBC walipobuni spika ndogo ya LS3/5A miaka ya 1970, walitaka spika ya kufanyia kazi kwenye gari la matangazo, mahali pafinyu, mtu amekaa karibu. Nayo ilikuwa na takriban desibeli 83 tu, ila omu 15, mzigo mwepesi kwa valvu. Kwa sauti ya binadamu sioni cha kuzishinda spika za aina hiyo. Swali ni unakaa wapi na unapiga kwa nguvu gani.

Santuri_Forest
Dada, nakaa mita tatu, na Jumapili wajomba wakija tunafungulia kweli.
Fundi, zipo kwenye omu 8.

Fundi_Uyole
Hapo ndipo penye tatizo. Hamishia kwenye 4, ila zima ampu kwanza.

Nieleze kidogo, maana wengi tunalaumu spika bure. Ampu ya transista ina ukinzani mdogo sana pale inapotolea sauti, mara nyingi haufiki nusu omu, kwa hiyo inaishika koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, na kuizuia. Ya valvu ukinzani wake ni mkubwa zaidi, nyingine hufika omu 2 na kupita. Spika nayo haibaki omu 4 kwa kila noti. Kwenye besi hupanda mara kadhaa, na pale inapopanda ndipo ampu ya valvu inapoinyanyua sauti. Boksi lenye tundu la hewa lina vilima viwili vya namna hiyo, lililozibwa kina kimoja. Hiyo noti moja unayoisikia ni kilima. Tundu la omu 4 litapunguza ukinzani wa ampu kwa nusu.

Mwana_Tukuyu
Jambo moja, wakuu: anayebadilisha spika asiwashe ampu ya valvu bila spika kuchomekwa. Transifoma ya kutolea sauti inaweza kuungua. Na msifungue ampu kwa chini hata mkizima, kapasita hubaki na mamia ya volti.
Mimi nachagua za Mafinga. Huku kwetu mvua haikatiki, ziweke tu mbali na ukuta wenye unyevu, koni ni karatasi.

Santuri_Forest
Nimerudi. Kwenye omu 4 zile ndefu zimetulia, besi sasa ina noti, japo bado ni nzito kuliko nipendavyo.

Fundi_Uyole
Za Mafinga zisogeze karibu na kona. Kona inaongeza besi. Na zigeuze zikutazame usoni, matoazi yatarudi; spika ya inchi 8 hutupa sauti za juu mbele yake tu.

Santuri_Forest
Nimefanya hivyo jioni hii, sentimita 50 kutoka kila ukuta. Matoazi yapo! Besi imepata mwili, si wa zile ndefu, lakini gitaa linatembea na unalifuata noti kwa noti. Ndefu naziuza. Ndogo zinahamia chumbani kwa ajili ya kwaya za usiku, dada wa Gangilonga ameshinda hapo.