Nataka kuwaachia wajukuu kumbukumbu za ukoo, nianzie wapi?

Bibi_wa_Kumi
Hamjambo wanangu. Nina daftari, simu yenye kinasa sauti na boksi la picha za zamani, nyingi hazina majina. Nataka wajukuu wajue walikotoka na niliyojifunza katika kulea. Kuandika kwa mkono kunanichosha vidole. Nianze na kuzaliwa kwangu nishuke hadi leo? Picha nizifanyeje? Na yale ambayo ndugu zangu wanayakumbuka tofauti na mimi?

Mtunza_Nyaraka
Shikamoo bibi. Anza na picha, kabla hujaandika hata mstari mmoja wa maisha yako. Tukio linaweza kusimuliwa na mwingine, lakini jina la yule mama aliyesimama nyuma pengine unalijua wewe tu.

Laza picha kifudifudi juu ya kitu kigumu na kisafi, kisha andika nyuma yake, ukingoni, kwa penseli laini ya 2B au zaidi, bila kukandamiza. Wino wa kalamu huweza kupenya au kuhamia kwenye picha iliyolala chini yake, na ncha ngumu huacha alama upande wa mbele. Zile zenye mgongo wa plastiki hazishiki penseli. Hizo kila moja itie kwenye bahasha yake, na bahasha iandikwe kabla picha haijaingia.

Taja watu kutoka kushoto kwenda kulia, jina kamili na uhusiano. "Shangazi" peke yake haitoshi, kwani mjukuu atauliza: shangazi wa nani? Mwaka usipoujua, andika "takriban 1958" au "kabla kitinda mimba hajazaliwa". Makadirio yaliyotajwa kuwa makadirio yana manufaa. Tarehe ya kubuni itawapotosha wote watakaokuja.

Picha zilizoganda kwenye albamu ya gundi usizing'oe kwa kucha. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini yake, polepole kama msumeno. Zikikataa, ziache, upige picha ukurasa mzima.

Sikio_la_Tatu
Shikamoo bibi. Kwa vidole vinavyochoka, sema badala ya kuandika. Weka simu kwenye hali ya ndegeni, maana simu ikipigwa katikati inaweza kukatiza kurekodi. Zima feni na redio: sikio huzizoea, maikrofoni haizizoei. Chumba chenye mapazia na godoro ni bora kuliko sebule tupu yenye mwangwi. Simu ikae juu ya kitambaa kilichokunjwa, sentimita 20 hivi kutoka mdomoni. Rekodi dakika moja, isikilize kwa hedifoni, ndipo uendelee. Dakika 30 kwa kikao zinatosha, sauti isije ikachoka.

Usianze na kuzaliwa. Hapo utasimulia ulichoambiwa tu. Wazee wengi hukumbuka kwa wingi zaidi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30, basi ingilia hapo. Mjukuu akuulize mambo ya kushikika. "Maisha yalikuwaje?" huzaa jibu la jumla. "Nani alilala chumba kipi?" hufungua mlango. Mchoree ramani ya nyumba mliyokulia na umweleze chumba baada ya chumba. Naye ukinyamaza asikimbilie swali jingine, ahesabu hadi tano kwanza. Mara nyingi lililo zito huja baada ya kimya.

Kunakili saa moja ya sauti kwa maandishi huweza kula saa 4 hadi 6. Tengenezeni faharasa kwanza: "dakika ya 7, harusi, dakika ya 19, mafuriko". Sehemu zilizo bora ndizo zinakiliwe.

Wino_Mweusi
Kuhusu ndugu, bibi: andika yote mawili. "Mimi nakumbuka hivi, kaka anasema vile." Usiyapatanishe. Tenganisha pia ulichokiona, ulichoambiwa na unachodhani. Habari za walio hai, hasa ugonjwa, talaka na madeni, wasomee wenyewe kabla ya kuzisambaza. Tarehe zao kamili za kuzaliwa ziondoe kwenye nakala zinazotoka nje ya familia, kwa sababu matapeli huzitumia.

Weka nakala 3, kwenye vifaa vya aina 2, moja ikae nyumba nyingine. Flashi isiwe hifadhi pekee. Fungueni mafaili kila mwaka kuhakikisha yanasomeka.

Bibi_wa_Kumi
Marahaba wanangu. Picha zinazong'aa nikizipiga kwa simu zinatoka na doa la mwanga.

Mtunza_Nyaraka
Zima flashi ya kamera, bibi. Weka picha karibu na dirisha, mwanga uje kwa ubavuni na jua lisiipige moja kwa moja, simu iwe sambamba nayo. Doa likibaki, zungusha picha robo duara. Ukipata skana, tumia dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi: picha ya sentimita 10 kwa 15 itatoka na takriban pikseli 2,400 kwa 3,500. Ukiwatumia wajukuu, itume kama faili la hati. Ikitumwa kama picha ya kawaida, programu nyingi za ujumbe huibana na nyuso za nyuma hupotea.