Naombeni ushauri: nimlipe huyu kijana augonge mswada wangu muhuri wa blokicheni?

MwanaTamthilia:
Wakuu, habari za jioni. Nimeandika tamthilia ya vipindi 13, kazi ya miaka miwili, usiku usiku nikishatoka kibaruani. Mwezi Machi nilimtumia prodyuza mmoja kwa barua pepe, akanyamaza. Sasa nasikia anatafuta waigizaji wa hadithi inayofanana na yangu mpaka jina la mbwa. Kuna kijana anasema kwa laki moja na nusu ataniwekea mswada "ndani ya blokicheni", nipate cheti, na mahakamani sitashindwa. Nimpe? Na humo ndani si dunia nzima itausoma?

Fundi_Mitambo:
Usimpe hata mia, hiyo huduma ipo bure. Na mswada wenyewe hauingii hata herufi moja kwenye blokicheni, yaani lile daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Faili linasagwa kwa kanuni iitwayo SHA-256, kinatoka kitu cha tarakimu na herufi 64 kinachoitwa heshi. Gusa nukta moja tu kwenye mswada, heshi inakuwa nyingine kabisa. Na unga haurudi kuwa mahindi: mwenye heshi hawezi kuusoma mswada wako.

Heshi ndiyo inayofungwa kwenye muamala wa Bitcoin, sarafu ya kidijitali yenye blokicheni yake, ambako bloki mpya (fungu la miamala) hupatikana kwa wastani kila dakika 10, ikiwa na muda wake. Tafuta OpenTimestamps, huduma ya kugonga muhuri wa muda, aliianzisha Peter Todd, mtaalamu wa programu za Bitcoin. Inakusanya heshi za watu wengi, inazisaga pamoja mpaka ibaki moja, hiyo ndiyo inayopanda kwenye muamala, ndiyo maana hulipi kitu. Utapewa kifaili cha .ots, ndicho uthibitisho wa muhuri wako. Kitunze pamoja na mswada. Kimoja bila kingine hakikusaidii.

MwanaTamthilia:
Mkuu shukrani. Sasa muhuri utaonyesha Machi?

Fundi_Mitambo:
Hapana. Ukigonga leo utasoma leo. Hakuna karani wa kumhonga arudishe tarehe nyuma, na safari hii hilo limekugeukia wewe.

Mzee_wa_Gazeti:
Vijana mnadhani haya yalianza na Bitcoin. Watafiti Stuart Haber na Scott Stornetta waliliandika wazo hili 1991, na tangu 1995 kampuni yao, Surety, ikawa inachapisha heshi kila wiki kwenye matangazo madogo madogo ya New York Times. Ukitaka kughushi, nenda kayakusanye magazeti yote yaliyokwisha kufungiwa maandazi!

Dada_Wakili:
Mdogo wangu, silaha yako ni ile barua pepe ya Machi. Usiifute. Inaonyesha tarehe, na inaonyesha kwamba prodyuza aliletewa mswada. Muhuri wa blokicheni hilo la pili hauwezi kulisema. Wala hausemi nani kaandika. Mimi nikiuiba mswada wako nikaugonga kabla yako, nitakuwa na tarehe ya mapema kuliko wewe mwenyewe!

Kuhusu mahakama, hapa Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18, hairuhusu ushahidi ukataliwe kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Lakini kukubaliwa ni jambo moja, uzito ni jingine: utaulizwa ulitunzwaje na nani angeweza kuuchezea. Huko China, Mahakama ya Intaneti ya Hangzhou ilikubali ushahidi wa blokicheni Juni 2018 katika kesi ya hakimiliki, ila baada ya kukagua jinsi ulivyokusanywa na kuhifadhiwa. Huyo anayekuahidi ushindi kwa cheti anauza maneno. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika, lakini kaisajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, halafu tafuta wakili akuandikie barua kabla hawajaanza kurekodi.

MwanaTamthilia:
Nimerudi. Nimegonga juzi, leo nahakiki inakataa. Inasema faili silo!

Fundi_Mitambo:
Ulilifungua?

MwanaTamthilia:
Nilirekebisha koma moja tu kipindi cha nne...

Fundi_Mitambo:
Hilo sasa ni faili jingine. Kama nakala ya juzi hunayo, gonga upya. Safari hii toa PDF, gonga hiyo, kisha usiiguse. Koma zako zirekebishe kwenye nakala nyingine.

MwanaTamthilia:
Haya, naanza upya. Ile barua pepe nimeshaiprinti, dada.

Dada_Wakili:
Karatasi peke yake haitoshi. Iache na kwenye akaunti, na nywila usimpe huyo kijana.