Nyumba ya likizo kando ya mfereji wa Kennet and Avon: jiko la kuni, choo cha tangi, bibi na watoto

MamaSalha
Assalam aleikum wadau. Tumekodi nyumba ya mawe kando ya mfereji, karibu na mji wa Bradford on Avon, Uingereza, usiku nne kuanzia siku moja baada ya saa kurudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba. Tunatoka Birmingham kwa treni, gari hatuna. Bibi yao ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Watoto wana miaka 4 na 7. Sebuleni kuna jiko la kuni la kupasha nyumba joto, na choo kinaingia kwenye tangi la maji taka bustanini. Jiko linawashwaje bila kujaza moshi? Choo kina masharti gani? Na bibi atatembea wapi?

Fundi_Kuni
Waalaikum salaam dada. Jiko huwa na vishikio viwili vya hewa, cha chini na cha juu. Vifungue vyote hadi mwisho. Majivu usiyakombe yote, sentimita 2 hivi yabaki, yanatunza joto. Laza magogo mawili madogo, juu yake vijiti vikavu vya unene wa kidole vilivyopishana, kiwashio ukiweke katikati ya vijiti. Yaani moto uanzie juu ushuke. Bomba la moshi likiwa baridi, hewa nzito hukaa ndani yake kama kizibo, ndiyo maana ukiwasha kwa chini moshi unarudi sebuleni. Moto wa juu unalipasha bomba kwanza. Acha mlango wazi upana wa kidole kwa dakika 5 hadi 10, na usiondoke hapo. Kuni zikishika, funga mlango, kisha funga hewa ya chini, moto uuendeshe kwa ile ya juu.

Kioo kikigeuka cheusi, ama kuni ni mbichi ama umebana hewa mno. Unyevu wa kuni usizidi 20%. Mifuko yenye nembo ya Ready to Burn iko hivyo. Jiko la kilowati 5 hula kama kilo 1.5 kwa saa, kwa hiyo kwa jioni moja ya moto wa muda wa saa tano andaa kilo 7 au 8. Muulize mwenye nyumba anaacha kilo ngapi, maana "kikapu kimoja" hakikuambii kitu. Mwombe pia awashe hita siku moja kabla hamjafika. Kuta za mawe zikishapoa, jioni moja haitoshi kuzipasha.

Tafadhali sana, msibane hewa usiku ili moto ulale hadi asubuhi. Kuni zinazofuka huacha lami ndani ya bomba, na hutoa kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Siku ya kwanza bonyeza kitufe cha king'ora cha gesi hiyo. Kisipolia, jiko lisiwashwe. Majivu yawekwe kwenye ndoo ya chuma, nje, mbali na ukuta. Kaa linaweza kuishi humo zaidi ya siku nzima.

BintiWaVanga
Kwa choo: tangi hilo linafanya kazi kwa bakteria wanaosaga uchafu. Jiki ikimwagwa kwa wingi inawaua, halafu uchafu mzito unasonga mbele na kuziba mifereji ya kunyonyea maji ardhini. Vitambaa vya kupangusia watoto visitupwe humo hata kama pakiti inasema vinaruhusiwa. Mafuta ya kukaangia yaacheni yapoe, yafungeni kwenye chupa, yaende na takataka. Maji ya kuchambia hayana shida yoyote, ila bebeni kopo lenu, nyumba nyingi za huko hazina bomba la pembeni. Nyama ya halali nunueni Birmingham, mwende nayo imegandishwa.

Mtembea_Mfereji
Bibi aambatane na njia ya kando ya maji, ile waliyopita farasi wakikokota mashua. Haina ngazi za kuvukia uzio kama njia za mashambani, ambazo mwezi huo ni tope tupu. Kutoka loki ya Bradford (loki ni chumba cha maji chenye malango, cha kupandisha na kushusha mashua) hadi kijiji cha Avoncliff ni kama kilomita 2.4, tambarare. Hapo mfereji unapita juu ya mto Avon na juu ya reli, kwenye daraja la mawe la mhandisi John Rennie. Tao lake la katikati lilibonyea mapema tu baada ya kujengwa, na hadi leo ukilitazama kutoka ukingo wa mto unaliona limelala kidogo.

Akichoka, rudini kwa treni, kituo kimoja tu. Ila Avoncliff dereva hasimami mpaka umpungie mkono, na si kila treni husimama, basi shikeni ratiba. Kushuka stesheni kuna mteremko, mshikeni mkono. Jua linazama kabla ya saa 11 jioni, tokeni asubuhi. Baiskeli ni nyingi, mkisikia kengele wekeni watoto upande wa ua, si upande wa maji.

MamaSalha
Ahsanteni sana. Watoto wanataka kuona mashua zikipanda loki. Kuna hatari?

Mtembea_Mfereji
Ipo, dada. Ile boriti ndefu ya kusukumia lango huzunguka, na mtoto aliyesimama kati yake na maji hana pa kukimbilia. Wasimame mbali, nje ya eneo inamozunguka boriti, wa miaka 4 ashikwe mkono muda wote. Kuta za loki zina utelezi na hazishikiki. Mtu akianguka, msiruke: maji ya Oktoba hukata pumzi mara moja. Pigeni kelele waliopo kwenye mashua wafunge vilango vidogo vya kupitishia maji, mrushieni boya au kamba, pigeni 999, namba ya dharura. Madaraja ya mfereji huwa na vibao vya namba. Someni namba ya lililo karibu na nyumba siku mnayofika, muibandike kwenye friji, muitaje mkipiga simu ya dharura. Huko anwani ya barabara inaweza kumpeleka mwenye gari la wagonjwa ng'ambo ya pili ya maji.

BintiWaVanga
Na aliye na kidonda akizibe kwa plasta kabla ya kugusa maji hayo, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Mkojo wa panya ulioingia majini unaweza kubeba ugonjwa. Homa na maumivu ya misuli ndani ya wiki tatu baadaye, mwambieni daktari kwamba mlikuwa mferejini.